Kifungu cha Saba

Nililitambua jembe kabla sijamtazama mtu aliyelishika. Mpini wake ulikuwa na pete tatu nyeusi zilizochomwa kwa chuma cha moto, na karibu na shingo ulikuwa umefungwa kipande cha bati, kwa sababu ulishapasuka na mwenyewe hakutaka kuutupa. Jembe la mama mkwe wangu. Lilinyang'anywa miezi tisa kabla ya siku hiyo kwa kosa la kulima ndani ya hifadhi, likafungiwa kwenye ghala la kijiji. Sasa lilikuwa katikati ya hifadhi ileile, mikononi mwa mwanamume nisiyemjua, likichimba mfereji.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Mtoto alikuwa mgongoni, ana miezi saba, jino la kwanza linamsumbua na mimi linanisumbua zaidi. Nikaliacha debe likielea, nikaingia kwenye matope mpaka magotini.

"Kaka, hilo jembe umelitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na ofisi." Akatema mate pembeni. "Dada, mimi nimepewa kazi ya kuchimba. Sikupewa historia za majembe."

Wenzake wakacheka. Walikuwa sita. Nyuma yao matete yalikuwa yamelazwa chini, eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira wa shule, mengine yakifuka moshi mzito wa majani mabichi. Ndege wote walikuwa wameondoka. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Kama ni lako njoo ulichukue, na kesho utuletee uji."

Nikaenda kulichukua. Nakumbuka nimeushika mpini nikavuta, naye akavuta, mtoto analia sikioni mwangu, nami nikamtupia yule bwana neno la Kifipa ambalo mama yangu angenizaba kofi kwa kulitamka. Akaachia. Nikapiga magoti matopeni, jembe kifuani. Niliinuka nikaenda nalo moja kwa moja mpaka nyumbani kwangu, debe nimelisahau, kanga inachuruzika. Katibu wa kijiji alikuwa kwangu anakula. Katibu wa kijiji alikuwa mume wangu.

Lakini kabla sijaeleza alivyonijibu, lazima nieleze lile bonde lilikuwa nini kwetu, maana watu wa mjini wakisikia kinamasi wanafikiri mbu.

Mimi si mtu wa ziwani. Nimezaliwa juu, Mwazye, kwenye baridi na ulezi. Kwetu juu mtu hachomi majani ya shamba hovyo. Mvua zikikaribia kwisha unayafyeka, unayarundika, unayafunika udongo yakawa kama vichuguu, unaotesha maharage juu yake, na mwaka unaofuata unavitawanya vile vichuguu na kupanda ulezi katika udongo ulioiva. Nimelelewa nikijua kwamba ardhi inalishwa kwanza ndipo ikulishe. Nikasoma kwa masista mpaka kidato cha nne, nikaolewa, nikashuka mlima kwenda kuishi kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa saa tano kwa mguu kutoka Kipili, katika kijiji ambacho watu walikuwa wamekusanywa kutoka kwenye vitongoji wakapangwa kwa mistari kama mahindi.

Waliotupanga walitazama barabara, hawakutazama maji. Mto wetu ulikuwa unashuka kutoka milimani umebeba udongo mwekundu, na kabla ya kuingia ziwani ulipita kwenye lile bonde la matete na mafunjo. Uliingia mwekundu ukatoka mweupe. Sina namna nyingine ya kulieleza bonde. Upande wa juu usingenawia hata miguu, na upande wa chini, kwenye kidimbwi kilicho nyuma ya matete, ungeweza kuona vidole vyako. Kaya zote za mistari yote zilichota hapo. Kisima hatukuwa nacho. Zahanati ilikuwa Kipili.

Wanawake wa zamani wa pale walikuwa na makatazo yao. Chungu chenye masizi hakitumbukizwi kidimbwini. Unachota kwa kibuyu ndipo unamimina. Mvua za kwanza zikinyesha, kambale wanapopanda kutaga, hakuna chuma kinachoingia bondeni mpaka mwezi uandame mara mbili. Hakuna aliyekuwa akilinda. Mwanamke aliyekiuka alikuwa hapewi moto na jirani, basi. Utatembea kijiji kizima na kifuu chako mkononi ukiomba kaa la moto na kila mtu atakwambia lake limezimika.

Akaja Bwana Maliasili na sheria ndogo. Karatasi mbili, mihuri miwili, vifungu tisa. Bonde linakuwa hifadhi. Ni marufuku kulima, kukata matete, kuchoma moto, kutega nyavu kwenye mlango wa mto. Alikuwa mtu mzuri wa maneno, anavua kofia akisalimia wazee, anasema shikamoo mpaka kwa kina mama wanaouza dagaa. Alihitaji mtu wa kusoma sheria kwa sauti mkutanoni, mume wangu akanitaja. Nilijiona! Nilisimama mbele ya ghala, mimba ya miezi sita mbele yangu, nikasoma vifungu vyote tisa kama ninasoma somo kanisani. Bibi mmoja akauliza, je, na yale makatazo yetu ya chungu na ya kambale? Nikamjibu mimi, si Bwana Maliasili. Nikasema hayo ni mambo ya giza, sasa tuna sheria iliyoandikwa, kila mtu atalindwa sawa.

Watu walipiga makofi. Hayo makofi ninayasikia mpaka leo nikiosha vyombo.

Mama mkwe hakupiga. Yeye alikuwa na magimbi yake pembeni mwa bonde, mistari minne, tangu kabla mimi sijazaliwa. Alisema hatoki. Nilimsihi wiki tatu. Mwisho nikawaza: nikimwachia huyu kwa kuwa ni mama wa mume wangu, nani mwingine atatii? Nikampelekea taarifa Bwana Maliasili kwa maandishi. Walikuja wanamgambo wawili wakang'oa magimbi, wakachukua jembe. Mama mkwe alikaa miezi miwili hali chakula changu. Nilipojifungua alikuja, akamwogesha mtoto, akamfunga kitovu, akaondoka bila kunitazama usoni.

Na nitasema kweli, kwa sababu naandika nikiwa na hasira lakini siandiki uongo: sheria ilifanya kazi. Kwa miezi ile matete yalijaza pengo la magimbi. Kambale walirudi wengi. Wanawake waliokuwa wakikata mafunjo ya mikeka hapo mlangoni mwa mto walikubali kwenda kuyatafuta ghuba ya mbali, siku nzima kwenda na kurudi, na hawakunung'unika mbele yangu. Mmoja alinitania, "Mama mlinzi, hata kukojoa tukakojolee ghuba ya pili?" Nikamwambia ndiyo, kifungu cha kumi. Tulicheka. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba nilimpa mwanangu uji wa kwanza bila woga.

Sasa nirudi pale mlangoni kwangu, na matope magotini.

Nililiweka jembe juu ya mkeka, karibu na sahani yake. Akalitazama. Hakuuliza ni la nani.

"Kuna watu sita wanachimba bondeni," nikasema.

"Mama mtoto, kaa kwanza."

"Sikai. Wanachoma matete. Wanachimba mfereji wa kutoa maji."

"Wana kibali."

"Kibali gani? Kulima ni marufuku, nimesoma mwenyewe."

Akanawa mkono polepole, kidole kimoja kimoja. Nilijua hapo kwamba kuna jambo, maana mume wangu hula haraka na hunawa haraka. "Umesoma," akasema. "Umesoma na kifungu cha saba."

Nilikwenda kwenye sanduku, nikatoa nakala yangu. Kifungu cha saba: *Makatazo yaliyotajwa hapo juu hayatahusu shughuli yoyote ya maendeleo iliyopewa kibali cha maandishi.* Nilikuwa nimekisoma kwa sauti yangu, mbele ya kijiji kizima, na hata sikukohoa. Nilikuwa nimekiona kama maneno tu ya kuunganisha, kama yale *na kadhalika* ya ofisini.

"Shughuli gani ya maendeleo?"

"Shamba la mfano. Mpunga. Kuna wageni wakubwa watatembelea vijiji vya ziwani, Bwana Maliasili anataka waone kitu."

"La kijiji?"

"La kikundi."

"Kikundi cha nani?"

Akataja. Watu watano. Shemeji yake Bwana Maliasili alikuwa wa kwanza. Mume wangu alikuwa wa tatu. Alilitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ndogo, akalipitisha katikati ya wengine kama mtu anayepitisha mfupa chini ya meza.

"Na kijiji kilikubali lini?"

"Muhtasari upo."

"Muhtasari wa mkutano gani? Sikuona mkutano."

Hapo ndipo aliponitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ananionea huruma. "Mama mtoto," akasema, "uliuandika wewe."

Nilikaa.

Mwandiko wa mume wangu ni mbaya, ofisi ilishamrudishia barua mara mbili. Tangu tuoane mimi ndiye ninayenakili barua na mihtasari yake kwa wino, yeye anatia sahihi. Ile siku niliikumbuka vizuri. Mtoto alikuwa na wiki tano, amelala titi mdomoni, nami naandika kwa mkono wa kulia, karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga. Ajenda ya kwanza, ghala. Ajenda ya pili, josho. Ajenda ya tatu, wanakijiji wote kwa kauli moja wameridhia bonde litumike. Niliyaona maneno yakipita. Mkono uliyaandika. Nilichokuwa nakifikiria ni kama mtoto ameshiba.

"Ulijua sikusoma," nikamwambia.

"Nilijua umechoka."

"Ulijua sikusoma!"

"Kama si sisi wangepewa watu wa kijiji kingine. Angalau sisi tuko hapa. Tutagawana na ndugu."

Nikamwuliza maji yatatoka wapi mfereji ukifika ziwani. Akasema Bwana Maliasili ameahidi kisima. Nikamwuliza kisima kiko kifungu cha ngapi. Akaondoka, ameacha ugali nusu.

Nilidhani hilo ndilo baya. Lililofuata lilikuwa baya zaidi, na silipendi kulisimulia.

Nilimrudishia mama mkwe jembe lake. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, pamoja na muhtasari. Nilitaka anitukane. Alilipokea, akaligonga chini kuona kama bado limekaza, akasema, "Bati langu hawakuling'oa. Vizuri." Kesho yake alfajiri alikuwa bondeni anapanda magimbi. Si mistari minne. Nilihesabu kumi na moja.

"Mama, jamani, na wewe?"

"Kwani sheria bado ipo?" Hakuinua kichwa. "Wale wanalima, na mimi nalima. Au nisubiri nife njaa kwa adabu?"

Siku ya tatu walikuja wa mikeka. Hawakurudi tena ghuba ya mbali, kwa nini warudi? Walikata mafunjo palepale mlangoni, vitita kwa vitita, hata machanga. Siku ya nne wakaja wenye nyavu. Nilisimama kwenye njia na mtoto mgongoni, nikanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Yule aliyekuwa akinitania zamani akanipita begani, mundu mkononi, na safari hii hakuwa anatania.

"Tusomee tena, mwalimu," akasema. "Ile ya kwamba tutalindwa sawa."

Mwenzake akadakia, "Mwache, mumewe ana mpunga wa kulinda."

Niliishusha mikono. Walikuwa wametii kwa sababu mimi niliwaambia watii. Kama ile karatasi isingefika kamwe, bonde lingekuwa na bibi wachache na magimbi yao, na mtu asiyepewa moto. Sasa lilikuwa na kila mtu. Hata lile katazo la kambale hakuna aliyeweza kulirudisha. Mama mmoja alijaribu kusema, wakamwuliza wewe si ulisikia ni mambo ya giza?

Wiki ya pili maji ya kidimbwi yalibadilika rangi. Kwanza kama chai ya maziwa, halafu kama udongo wa kukandikia. Nilikuwa nachota asubuhi, naliacha debe litulie mpaka mchana, nakuta tope la vidole viwili chini. Nilichemsha. Wenye kuni chache hawakuchemsha. Mwanangu alianza kuharisha siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi ule utosi wake laini ulikuwa umebonyea. Nilimbeba mpaka Kipili kwa mguu, namdondoshea maji ya chumvi na sukari mdomoni kwa kijiko njia nzima. Mganga wa zahanati alisema nimewahi. Akauliza tunachota wapi. Nikamweleza. Akasema wanne wengine wa kijiji chetu wamepita hapo wiki hiyo, na mvua bado hazijaanza.

Mvua bado hazijaanza. Hilo ndilo lililonitoa Kipili. Kiangazi mto ni mdogo na mfereji haujafika ziwani. Mvua zikija na bonde liko wazi namna ile, ule udongo wote wa milimani utateremka moja kwa moja, na hata kuchemsha hakutasaidia. Nilikaa siku mbili mpaka mtoto alipoanza kunyonya kwa nguvu. Kisha sikurudi kijijini. Kulikuwa na lori la mfanyabiashara wa Sumbawanga lililoleta chumvi na kupakia dagaa, nilimwomba dereva, Mwislamu mmoja mzee, akasema, "Panda mbele mwanangu, mtoto mgonjwa hakai na dagaa." Tukapanda mlima. Kule juu upepo wa nyumbani ulinipiga usoni nikalia kidogo, kwa hasira, si kwa kingine.

Ofisini Sumbawanga nilimkuta karani wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kulalamika. Kuna hifadhi inaharibiwa kwa kibali."

"Una barua ya utambulisho kutoka kwa katibu wa kijiji?"

"Katibu ndiye ninayemlalamikia."

"Bila barua ya katibu sikupokei. Ndio utaratibu."

"Katibu ni mume wangu."

Aliweka kalamu chini. Akamtazama mtoto, akanitazama. "Basi, mama, hilo ni la nyumbani. Nenda kwa wazee wa pande mbili mkae mzungumze."

"Wazee wa pande mbili wanakunywa maji gani, mzee?"

Akaiokota kalamu yake. Nikamwuliza kama kuna kifungu kinachosema raia hawezi kuandika barua kwa mkono wake mwenyewe na kuileta kwa miguu yake mwenyewe. Akasema kifungu hicho hakipo, ila barua lazima iwe rasmi, iwe na kichwa cha habari, iwe na nakala. Nikamwambia hizo ndizo kazi ninazozijua kuliko zote. Alinipa karatasi mbili, akaniambia niache kupaza sauti. Nilikaa kwenye benchi la korido, mtoto titini, na safari hii nilisoma kila neno kabla ya kuliandika na baada ya kuliandika. Saa saba na nusu aligonga muhuri wa kupokelewa, mmoja kwenye yake na mmoja kwenye yangu. Hii hapa, kama ilivyo.

*Kwa Mkuu wa Ofisi,*
*Sumbawanga.*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA KIBALI CHA KULIMA NDANI YA HIFADHI YA BONDE*

*Ndugu,*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mwanakijiji, mama wa mtoto mmoja, elimu yangu ni kidato cha nne. Nalalamika kwamba bonde lililofanywa hifadhi kwa sheria ndogo linalimwa, linachomwa na kuchimbwa mfereji na kikundi cha watu watano waliopewa kibali kwa kifungu cha saba cha sheria hiyohiyo.*

*Kibali hicho kimetolewa kwa kutegemea muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioko katika majalada yenu. Mkutano huo haukufanyika. Nalijua hilo kwa sababu muhtasari ni mwandiko wangu. Niliunakili bila kuusoma, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Mkilinganisha na barua hii mtaona ni mkono mmoja. Naomba niufute mwandiko wangu katika muhtasari huo, na kibali kilichosimama juu yake kianguke.*

*Naomba kazi ya mfereji isimamishwe kabla mvua hazijaanza. Baada ya hapo msihangaike kuisimamisha.*

*Naomba pia aje mtu kuliona bonde. Asifikie kwa Bwana Maliasili wala kwangu. Afike kidimbwini saa ya kuchota, achukue kikombe, anywe.*

*Wanakijiji wengine sasa wanakata na kulima humo bila kibali. Nawaomba msianze na hao. Walitii sheria hii miezi kumi, nami ndiye niliyewasomea. Mkianza na wao kabla ya wale watano hakuna atakayetii tena karatasi yoyote itakayotoka ofisini kwenu, na mimi sitawasomea.*

*Jibu naomba lije kwa maandishi. Jibu la mdomo sitalipokea.*

*Wenu katika ujenzi wa taifa,*

*(sahihi)*

*Nakala: Bwana Maliasili.*
*Nakala: Katibu wa Kijiji, ambaye ni mume wangu, kwa taarifa.*